Nilivyomtafutia Binti Yangu Chakula cha Meksiko

Nilihamia Doha nikitokea Saudia, na kwa muda mrefu mji huu niliujua kwa barabara zake tu. Mimi ni dereva. Nabeba wageni wa hoteli moja ya Al Sadd, nawatoa uwanja wa ndege, nawapeleka Lusail kwenye mikutano yao, nawarudisha. Ukiniuliza njia ya kukwepa foleni nitakupa hata kabla hujamaliza swali. Lakini ungeniuliza mahali pazuri pa kula, ningebaki nakutazama. Nilikuwa nakula chumbani kwetu, Industrial Area, sufuria moja na mwenzangu wa chumba, Mganda mmoja anayefanya kazi ya ulinzi, na mara nyingi tulikula tukiwa hoi hata chumvi hatuisikii.

Kilichonitoa kwenye sufuria ile ni binti yangu.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri kujiunga na chuo, na mama yake akakubali aje anitembelee. Hilo halikuwa jambo dogo. Mama yake na mimi tuliachana nikiwa bado Saudia, bila matusi, kwa simu tu, kama ndoa nyingi za sisi watu wa huku. Baadaye akaolewa tena, na nitasema haki yake, alinijulisha mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Mtoto nilimwacha hajaanza darasa la kwanza. Nikawa namwona likizo, kisha likizo zikawa za kurukaruka, kisha ikabaki sauti ya simu inayosema "niko poa, baba" halafu inanyamaza, inangoja mimi nikate.

Sasa anakuja, na mimi nimeshikwa na woga. Nilitaka kitu kimoja tu. Akirudi Nairobi awe na jambo la kusimulia, kwamba baba alinifanyia hivi, jambo letu wawili ambalo mtu mwingine hana fungu lake. Sikujua litakuwa jambo gani. Nikaanza na lile linalojulikana na kila mzazi, nikamwuliza akifika atapenda kula nini.

Jibu nilikuwa nalo mimi mwenyewe: chapati na maharagwe.

"Siku hizi napenda Mexican, baba," akasema. "Tacos. Lakini zile poa, si zile za kununua supamaketi."

Mswahili yeyote anaelewa kwa nini jina hilo naliacha na herufi zake za kigeni. Mwenzangu wa chumba nilipomtajia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi nililishika jina lile kwa mikono miwili. Mwanangu alikuwa ameniomba kitu. Kwenye simu zote zile hakuwahi kuniomba kitu chochote isipokuwa karo, na karo huombwa na shule.

Shida ni kwamba sikuwahi kukila chakula hicho. Utajuaje kwamba ni kizuri, kitu ambacho hujawahi kukionja? Pilau mbaya naijua kwa harufu nikiwa bado mlangoni. Hiki nilikuwa nakiendea kipofu. Tulianza mimi na Mganda siku ya mapumziko, kwenye mkahawa mmoja uliopambwa kwa kofia kubwa ukutani. Tukaletewa chapati ya ngano iliyokunjwa, ndani kuku, majani, na jibini ya manjano inayovutika.

Mwenzangu aliifungua, akaichungulia, akaifunga.

"Mzee, hii kwetu tunaita rolex," akasema. "Lakini yenyewe inakuwa na mayai. Hawa mayai wamepeleka wapi?"

Nilimwambia ale anyamaze. Moyoni nilikuwa nimeudhika, maana nilishaona kwamba ile ni shawarma iliyobadilishiwa jina. Tukaenda pengine, kwenye duka kubwa la ghorofa, huko tukapewa vitu vikavu vinavyovunjika mdomoni na kukuchoma ufizi. Pengine nikagombana na mhudumu wa watu, nikimwuliza kama hiki ndicho wanachokula Meksiko, na yeye maskini kijana wa Kihindi, Meksiko angeijulia wapi? Nilimwomba radhi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikishatoka huwa naona haya siku nzima.

Nikaanza kuwauliza abiria. Mwongozo wetu ni kwamba dereva haongei mpaka aongeleshwe, lakini kwa hilo nilijitoa mhanga. Siku moja nilimbeba mama mmoja kutoka uwanja wa ndege, mtu mzima, amevaa sweta katika joto lile, na alipotaja kwao ni Meksiko nusura nisimamishe gari. Nilimweleza yote, binti anakuja, nataka chakula chao, sijui kizuri kinafananaje. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinachechemea pamoja, tukaelewana vizuri sana. Akaniambia niache kuangalia nyama. Niinue ile chapati ndogo niinuse. Ikinuka mahindi nikae nile, isiponuka kitu niondoke.

Harufu ya mahindi! Mimi mtu wa ugali, hapo nilijiona nimefika nyumbani. Nilizunguka Doha nikinusa vyakula vya watu kwa wiki kadhaa, na wahudumu wakanitazama walivyonitazama.

Nilipapata Lusail, nyuma ya majengo marefu, kwenye safu ya vibanda vya chakula ambavyo kila siku nilikuwa navipita nikiwa na wageni. Mpishi alikuwa Mnepali, mtu wa maneno machache, aliyefundishwa upishi na Mmeksiko waliyefanya naye kazi kwenye meli ya watalii. Chapati zake zilikuwa ndogo, laini, zimepata madoa ya moto, na zilinuka mahindi. Juu yake nyama ya ng'ombe iliyoiva mpaka imechambuka, kitunguu kibichi, dhania, ndimu, na pilipili ya siku hiyohiyo. Mganda alikula bila kutaja mayai, akaagiza tena, na nikajua nimemaliza kazi. Nilikula pale nikiwa peke yangu mara nyingi baada ya hapo. Nilichagua hata meza, ile ambayo upepo wa bahari unaifikia jioni, nikapanga yeye atakaa upande gani.

Akaja. Pale uwanja wa ndege nilikuwa nimezoea kusimama na kibao chenye majina ya watu, siku hiyo nilisimama mikono mitupu na sikujua niiweke wapi. Alitokea na begi lake, mrefu, mrefu kuliko mama yake. Nilifungua mikono. Yeye akanipa mkono, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mchungaji baada ya ibada.

"Habari ya siku nyingi, baba?"

Nikaupokea ule mkono. Ningefanya nini?

Alilala kwa nesi mmoja Mkenya tunayesali naye, ana nyumba Al Sadd na mabinti wake wamebaki Nakuru, alifurahi kupata mtoto wa kumpigia kelele. Chumbani kwetu hapakuwa mahali pa msichana. Kila nilipopata nafasi nilimchukua nikamtembeza. Nilimwonyesha bahari, nilimwonyesha soko la zamani na ndege wake kwenye matundu, nilimnywesha chai ya karak, ile ya maziwa na iliki inayonywewa ndani ya gari. Kila kitu kilikuwa kizuri. "Ni kuzuri, baba." "Asante, baba." Alikuwa anafunga mkanda kabla sijamwambia. Akimaliza chai alikuwa anakunja kikombe kile cha karatasi na kukishika mpaka tupate mahali pa kutupa. Mtoto mwenye adabu kiasi kile, mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilitamani aninunie. Nilitamani aseme amechoka, joto limemkera, gari langu linanuka. Mtoto wa nyumbani hulalamika. Nesi akaniambia kwake anaimba akioga, na nikamwonea nesi wivu kwa jambo la kipuuzi namna hiyo.

Lusail niliiweka akiba. Nilijiambia hapo ndipo tutakapofahamiana.

Nilimpeleka jioni, joto limepungua. Sikumwambia tunakwenda kula nini. Nilimkalisha upande nilioupanga, nikaenda mwenyewe kuagiza, na yule Mnepali alipoona nimekuja na msichana akaniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa kichwa kwamba ndiye. Akatutengenezea sahani ya kujaa.

Binti yangu alipoiona alisema "Ai, baba!" na hiyo ilikuwa sauti nyingine kabisa. Akakamua ndimu bila kuuliza. Akaweka pilipili. Akainamisha kichwa pembeni, si chapati, kichwa, anavyofanya mtu aliyekizoea chakula, akauma. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji na sikuyanywa. Alitafuna, akafumba macho.

"Baba, hizi ni kali," akasema. "Hizi ni kali sana. Umezipata wapi?"

Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi vile. Nilitaka kumweleza yote, Mganda na mayai yake, mama wa sweta, kunusa kwangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naye akauma tena, akasema na chakula bado mdomoni:

"Zinakaribia kabisa za daddy."

Kisha akaacha kutafuna.

Mimi ananiita baba. Alijua, nami nilijua, kwamba hakuwa anazungumza juu yangu. Akaweka chakula kwenye sahani, akafuta vidole kimoja kimoja, na uso wake ukarudi ule wa uwanja wa ndege.

"Namaanisha uncle," akasema. "Mzee wa mama. Huwa anatupikia Jumamosi. Zamani alikuwa mpishi wa familia ya Wameksiko, huko Gigiri. Pole, baba."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miezi yote ile nilikuwa nazunguka Doha natafuta chakula cha mwanamume mwingine, na nilipokipata kilikuwa kinakaribia tu. Nilitaka kusimama, nilipe, nimrudishe kwa nesi. Ninajijua, ningefanya hivyo. Kilichonizuia ni ile pole. Mtoto alikuwa ananiogopa. Alikuwa amekaa na mikono mapajani akingoja kuona nitafanya nini, na niliona kwamba tangu ashuke kwenye ndege ndivyo alivyokuwa, ameyabana maneno yake yote ili hilo moja lisimponyoke. Kimya kile nilichodhani ni cha kutonijua kilikuwa cha kunihurumia. Iliniuma vibaya sana.

Nikanywa maji. Nikasema, "Na yeye hizi chapati anazifanyaje? Mahindi anayatoa wapi?"

Akanitazama, anapima kama ni mtego.

"Ya kawaida tu. Ya sokoni."

"Huyu hapa anaagiza unga maalumu. Ya kawaida yatashikana?"

"Yashikane wapi, baba! Lazima uchemshe na chokaa. Ile ya tambuu, anaenda kuinunua Ngara kwa Wahindi." Akasita. "Mara ya kwanza aliyapeleka kwa kisiagi cha unga yakiwa yamelowa. Mwenye mashine alimfukuza na ufagio. Akarudi nyumbani na ndoo kichwani, mama akamfungia mlango, ati ameaibisha nyumba."

Akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka watu wa meza ya pili wakageuka, na kicheko hicho nilikijua, kilikuwa cha mama yangu mzazi, ambaye yeye hakumkuta, wala mama yake hakumkuta. Sikujua anacho. Hakuna aliyeniambia, maana huko anakochekea hakuna anayemjua mama yangu.

Kuanzia hapo hakuacha tena. Alinieleza wanavyosaga kwa mashine ya mkono ya kusagia nyama, zamu kwa zamu, na ndugu yake mdogo anavyokwepa zamu yake kwa kujifanya ana haja. Alinieleza nyama inavyolazwa na viungo, na jinsi jirani anavyopitia kila Jumamosi akiwa amesahau kitu ambacho hajawahi kukisahau. Alikuwa anaonyesha kwa mikono. Alipindua chupa ya maji akaisimamisha bila kukatiza hadithi. Alininyang'anya ndimu kwenye sahani yangu bila kuomba. Na kila mahali katika hadithi ile palikuwa na yule mtu, amesimama jikoni, na mara ya pili na ya tatu alipomwita daddy hakujisahihisha, nami sikumsahihisha.

"Ukikuja Nairobi, baba," akasema, "nitamwambia akupikie. Hawezi kukataa. Anapenda wageni."

"Nitakuja," nikasema.

Akatabasamu, akaokota kipande cha mwisho, akakila polepole. Hadithi ilikuwa inaishia. Nilimwona akitupia jicho simu yake, akivuta kiti nyuma kidogo, adabu zikimrudia, na asante ikiwa tayari mdomoni.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Kwenye pilipili, daddy anaweka kitunguu saumu, au haweki?"