Vigingi Vilivyohama Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga, kamba na onyo. Panga lilikuwa la kukatia mkuza, yaani njia nyembamba iliyonyooka porini, ambayo wapimaji hupita na vyombo vyao. Kamba ilikuwa na mafundo, na kila fundo lilikuwa mahali pa kupiga kigingi. Onyo lilitoka kwa Mpima Mkuu, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Nachingwea, ambaye hakuwahi kulisamehe joto letu.

"Kazi yako kunyoosha mstari," aliniambia. "Ukikuta kichuguu, pita juu. Ukikuta mti, kata. Ukikuta kaburi, niite."

"Na nikikuta nyoka, mkuu?"

"Nyoka atakuita yeye."

Niliacha shule darasa la tano. Kabla ya kazi hii nilikuwa nimepulizia mikorosho dawa, nimepakia ufuta Masasi, nimefyatua tofali Ruangwa, na kote huko sikukaa. Kazi ya kutafuta maji ndiyo pekee iliyonishika, kwa sababu ilinihamisha kila baada ya muda, na kwa sababu tangu utotoni nilitaka kujua chini ya miguu yetu kuna nini.

Tulitafuta maji kwa umeme. Unachoma vijiti vya chuma ardhini, unapitisha umeme wa betri, kisha chombo kinakuonyesha ardhi inaukataa kiasi gani. Mwamba mkavu hukataa sana. Ardhi yenye maji hukubali. Tatizo la upande wa Ruangwa ni kinywe, yale madini meusi yanayochafua mikono kama risasi ya penseli. Kinywe hupitisha umeme hata kikiwa kikavu, hivyo mpimaji anaweza kushangilia bure. Mpima Mkuu alikiita maji ya uongo.

Nilianzia Mnero chini yake, nikapelekwa Nambambo chini ya Mhandisi mmoja mpole aliyezungumza zaidi na ramani kuliko na watu, kisha nikarudishwa kwa Mpima Mkuu. Kwake ndiko alikonikuta Marit.

Marit alikuwa mwanafunzi kutoka Norwei, amekuja fildi, kama tunavyoyaita mafunzo kwa vitendo. Kiswahili alikuwa amejifunza Dar es Salaam, akakizungumza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema moyoni: huyu atapiga picha na watoto, ataungua jua, ataondoka. Yeye naye, kama alivyoniambia baadaye, alikuja akiamini kwamba shida ya maji huku ni shida ya vyombo tu. Leta chombo kizuri, maji yatapatikana.

Tulipelekwa kijiji kimoja ng'ambo ya Marambo, njia ya kwenda Ruangwa. Jina lake nalihifadhi. Wanawake wa pale walichota maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni, wakigombana na ng'ombe. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa njiani. Ungepita mara moja tu, kabla mvua haijaharibu barabara. Ukikuta hakuna kigingi kilichokubaliwa, ungeendelea kijiji kingine, na wale kina mama wangebaki na mashimo yao.

Chini ya kijiji palikuwa na bonde lenye majani mabichi wakati kila kitu kingine kimekauka. Hata asiyejua kazi angenyoosha kidole pale. Nilikata mkuza, tukapiga vigingi, tukachoma vijiti vya chuma. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, na niliona kwamba hakuna ndege aliyelia tangu tuingie. Hata mbu hawakuwepo, ingawa palikuwa na unyevu.

Chombo kilionyesha namba nzuri. Kisha namba zikaanza kupanda polepole, zikashuka polepole, zikapanda tena. Hazikuruka kama waya ulioachia. Zilikwenda kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mzee Chitanda, betri imechoka?" Marit aliniuliza.

Tulibadilisha betri. Namba zikaendelea kuhema.

Kesho yake asubuhi vigingi havikuwepo bondeni. Tulivikuta mtelemkoni juu, kando ya shamba la muhogo, vimepigwa kwa nafasi zilezile, na mstari umenyooka kuliko nilivyounyoosha mimi. Tuliving'oa, tukavirudisha. Asubuhi iliyofuata vilikuwa juu tena. Na iliyofuata.

Marit alikasirika. Alikuwa amesoma mahali kwamba wazee wa vijijini huzuia miradi kwa kuogopa mizimu, na sasa aliona ameikuta habari yenyewe. Akaenda kwa Mwenye, mzee wa ukoo unaoshika ardhi ile, aliyekuwa amekaa anamenya korosho.

"Babu, kwa nini hamtaki maji?"

Mwenye alimtazama. "Mjukuu wangu, mimi mwenyewe nina kiu. Nihamishe vigingi vyako, ninywe nini?"

"Basi ni nani?"

"Sijui. Hilo bonde mimi siendi. Baba yangu hakwenda."

"Kuna nini?"

"Ndiyo nakwambia, mjukuu wangu. Siendi."

Mimi sikumwamini. Nilidhani vijana wanataka kupewa kibarua cha kulinda vigingi. Nilimpigia simu Mpima Mkuu, aliyekuwa Ruangwa mjini akisubiri mtambo. "Virudishe," alisema. "Mtambo unaingia kesho. Na huyo mtoto wa watu mwambie ardhi haihemi, kinachohema ni yeye."

Tulivirudisha, na jioni hiyo Marit alichukua ndoo akawafuata kina mama mtoni. Alitaka maji ya kufua, basi. Alirudi jua linazama, ndoo kichwani, nguo zimelowa upande mmoja, wanawake nyuma yake wakimcheka kwa jinsi alivyoshika shingo. Yeye hakucheka. Alitua ndoo, akaketi kando yangu.

"Bi Asumini amenieleza," alisema. Bi Asumini alikuwa mkunga wa pale. "Ameniruhusu nikwambie kidogo. Bonde ni la watoto."

"Watoto gani?"

"Wale waliozaliwa bila kulia. Na waliokufa wachanga, kabla ya siku ya kutolewa nje."

Mimi ni mtoto wa Kimwera, nimezaliwa huku, nimelala vijiji vyote hivi. Nilijua watoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake peke yao, mahali penye ubaridi, bila alama, na mwanamume haulizi. Nilijua yote hayo, ila sikuwahi kujiuliza ni wapi. Ilibidi aje msichana wa mbali, abebe ndoo, ndipo nijue nilikuwa nimekata mkuza juu ya nini.

Asubuhi vigingi vilikuwa mtelemkoni, nasi tukaviacha, tukapima palepale. Mtambo uliingia ukitikisa nyumba, na Mpima Mkuu akateremka, akachukua karatasi zetu za namba.

"Namba zako zinasema bondeni," alimwambia Marit.

"Zinasema na mtelemkoni, kidogo."

"Pale ni kinywe. Maji ya uongo. Tukichimba vumbi, mtambo hauchimbi mara ya pili. Kijiji kizima kitakulaani."

"Najua, bosi."

"Nani kachagua pale? Hawa wahamishaji vigingi ndio wapimaji sasa?"

Hapo Bi Asumini alitoka kwenye kundi la wanawake. Alikuwa mwembamba, kajifunga kanga mbili, sauti yake ndogo. Alisema mbele ya wanaume jambo ambalo sidhani liliwahi kusemwa mbele ya wanaume pale.

"Bwana mkubwa, mle bondeni nina wangu wawili. Hawa wenzangu nao wana wao. Chimba ukitaka. Lakini maji hayo utakunywa wewe."

Mpima Mkuu alivua kofia. Alimgeukia dereva wa mtambo akamwonyesha mtelemko kwa kidevu.

Lilitoka vumbi jekundu, kisha la kijivu, kisha unga mweusi wa kinywe uliotupaka wote nyuso. Dereva alitaka kuzima. Marit alikuwa anauma kola ya shati lake kama mtoto. Mpima Mkuu akasema, "Bomba moja zaidi." Kisha, "Jingine." Kwenye hilo jingine unga ukawa tope, na tope likaanza kuteremka.

Si maji mengi. Mpaka leo pampu ile inahitaji kupumzishwa. Lakini yapo, na ni matamu.

Pampu ilipofungwa, Marit alimshukuru Bi Asumini kwa kuwaonyesha mahali, kwa kuhamisha vigingi kila mara.

"Kila mara?" Bi Asumini alisema. "Tulihamisha ile siku ya kwanza tu."

"Na siku nyingine?"

"Tulidhani ni wewe, mwanangu. Tukasema, ameelewa."

Sasa nimestaafu. Nakaa Nambambo, nalima ufuta, naharibu redio za watu kwa kutaka kujua ndani kuna nini. Marit ameajiriwa kwao. Hunitumia ujumbe wa sauti, Kiswahili chake sasa kimenyooka. Anasema kila anapopelekwa, hata huko kwenye theluji, hafungui chombo kabla hajaketi na wanawake wa mahali. Mimi nimejifunza kuuliza hata mambo ya kwetu niliyodhani nayajua.

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza kama naamini habari za mizimu. Huwaeleza jambo moja, kisha wanaamua wenyewe.

Ndoo ya kwanza ya pampu ile haikunywewa. Wanawake waliibeba kwenda kuimwaga bondeni, Marit katikati yao. Sisi wanaume tuliambiwa tugeuke, tukasimama mstari mmoja tukitazama muhogo, Mpima Mkuu kofia mkononi. Nilisikia wakipita nyuma yetu, nyayo nzito za watu waliobeba maji. Zikaishia bondeni. Kukawa kimya.

Kisha zikapita nyingine, nyepesi, nyingi, zikitoka upande wa pampu, zikikimbia kuwafuata bondeni. Watoto wa kijiji wote walikuwa shuleni, tuliwasikia ng'ambo wakiimba. Mwenye alinishika mkono.

"Usigeuke," alisema.

Sikugeuka.