Diski Isiyopatana na Mashine Yoyote

Nilijua kwamba diski ile inafunguka. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kulipamba, kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi nimelikana: mbele ya mdogo wangu, mbele ya shangazi zetu, mbele ya padri mmoja aliyeuliza kwa adabu tu, na mbele ya mafundi wawili ambao hawakuwa na kosa lolote la kustahili kudanganywa.

Ndani ya diski hiyo kuna sauti ya mama yetu. Niliirekodi wakati nikikusanya habari za wanawake wa kambi za wafanyakazi kule Panda, mtaa wa Likasi, kwa ajili ya tasnifu ambayo, kama wanaonifahamu wanavyojua, haijakamilika hadi leo. Mama alizungumza saa tatu nzima huku akichambua maharagwe. Miezi mitano baadaye akafariki. Kwenye matanga, kwa kutaka nionekane mtoto aliyefanya jambo la maana, nilitangaza kwamba nina sauti yake yote kwenye kompyuta. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akanivuta kando, nyuma ya viti vya kukodi.

"Yaya, alisema kintu juu yangu?"

"Ni saa tatu," nikamjibu. "Siwezi kukumbuka yote. Utasikia mwenyewe."

Nilikuwa nakumbuka yote.

Sisi ni watoto wa watu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi migodini. Mama hakusahau majuma aliyolala stesheni ya Likasi, amekalia mabunda yetu, akingoja treni ya kutupeleka kwenye nchi ambayo sisi watoto hatukuwahi kuiona, kwa sababu majirani walikuwa wametuambia kwamba hapa si kwetu. Mwishowe tulibaki. Lakini tangu hapo hakutaka kusikia habari ya kijana wa huku kumchumbia binti yake. Mdogo wangu alichumbiwa na mmoja wao hivyo hivyo, akaolewa, akahamia Kolwezi. Mama hakwenda harusini, na kwa miaka tisa hakukanyaga nyumbani kwao.

Mimi pia nilikuwa na mtu wangu, mwalimu wa Kapolowe. Mama alisema hapana, nikamwacha. Nilikuwa mtoto mtiifu; utiifu ndicho cheti pekee nilichokipata bila kuomba muda wa ziada.

Sasa, katika saa ya tatu ya mazungumzo yale, mama aliacha maharagwe, akasema kwamba alimkosea mdogo wangu. Kwamba yule bwana ni mtu mwema. Kwamba angependa siku moja kula mezani kwake. Juu yangu na mwalimu wa Kapolowe hakusema neno. Nilingoja, hata nikaigusa mashine kuhakikisha bado inarekodi. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Nadhani mengine yote yalianzia hapo.

Kompyuta ile niliinunua ikiwa mtumba, nzito kama tofali, na mwaka uliofuata kioo chake kikafa. Nikapata nyingine mpya. Mdogo wangu akapiga simu: kwa nini nisiitoe diski ya zamani nikaitia kwenye mpya? Swali zuri. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Panda, mzee aliyefanya kazi ya vipimo kiwandani mpaka alipoachishwa, na ambaye sasa alitengeneza kompyuta sebuleni kwake kwa bisibisi zilezile za kiwanda. Aliifungua mashine, akaitoa diski, akanionyesha ncha yake. Ilikuwa na mdomo wa plastiki wa umbo la ajabu.

"Unaona hii? Bantu banaongopa juu ya hii," alisema. "Banasema prise ya kuichomeka haiko. Lakini hii ni kofia tu, ile kampuni iliivalisha. Angalia."

Akaivuta kwa kucha mbili. Kofia ikatoka. Chini yake zikaonekana pini nyembamba, safu mbili, za kawaida kabisa. Akanieleza kwa subira ya mtu aliyezoea kufundisha wanagenzi. Diski za zamani, zinazoitwa IDE, huunganishwa kwa pini nyingi hizi. Zilizofuata, za SATA, hazina pini. Zina ndimi mbili bapa zenye mistari ya rangi ya dhahabu. Moja haiingii kwenye nyumba ya nyingine, hata ukisukuma. Na sasa zinakuja nyingine, alisema, hazina hata sanduku, nyembamba kama kipande cha chingamu.

"Lakini disque iko muzima, Maman. Njo adaptateur tu inakosa. Lubumbashi ziko. Na hizi ine za pembeni," akagusa pini nne zilizojitenga na nyingine mwishoni, "usichomeke kintu hapa. Ukisogeza adaptateur kidogo tu, unachoma carte, bodi yake ya umeme. Rudi lundi, nitakuwa nayo."

Jumatatu sikurudi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba fundi ameshindwa, diski ya zamani haipatani na mashine mpya. Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo linanishangaza kwa unadhifu wake: nikaichukua ile kofia ya plastiki, nikairudisha juu ya pini, nikaibonyeza mpaka ikakaa sawasawa. Ili yeyote atakayeiangalia aone mdomo usioingia popote duniani.

Na waliiangalia. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Ana duka la dawa, amezoea kuambiwa kwamba kitu hakipatikani na kukipata. Alinituma kwa fundi wa sokoni. Fundi akaigeuzageuza, akatikisa kichwa: "Ah, Maman, hii prise haiko." Alinituma kwa mwingine, nikaenda, nikarudi na jibu lilelile, nikiwa na huzuni ya kufaa. Nilisoma kila kitu kuhusu nyaya, volti na viunganishi ili niweze kudanganya kwa usahihi. Sijawahi kusoma jambo kwa bidii kama ile tangu nitoke chuo kikuu. Kila Mwaka Mpya aliponiuliza, nilimpa hotuba. Kizazi hiki cha diski, kizazi kile cha diski. Kwa wanafunzi wangu singeweza kueleza vizuri zaidi.

"Basi, Yaya," alikuwa akisema. "Weye njo ulisoma."

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, alifika Likasi bila kunijulisha. Kwenye mkoba wake mlikuwa na adapta yenye midomo mitatu, aliyoinunua Lubumbashi kwa mtu aliyemwambia kwamba hakuna diski ya kompyuta ndogo isiyokubali mmojawapo. Hakukaa hata kunywa maji.

"Leta ile disque."

Niliileta. Ningesema nini? Aliishika kwenye mwanga wa dirisha kama anayesoma tarehe ya mwisho ya dawa. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kofia.

"Yaya. Hii kintu inatoka."

"Usiivute, utaivunja."

Akaivuta. Pini zikajitokeza, safu mbili, zimenyooka, safi. Mdogo wangu alizitazama, akautazama mdomo mdogo wa adapta, akacheka kwa mshangao wa mtu aliyetafuta miwani iliyo usoni pake.

"Kumbe! Miaka yote hii! Na bale bafundi bako!"

"Leta," nikasema. "Nitaunganisha mimi. Inahitaji mkono mwepesi."

Alinipa, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilizihesabu pini. Niliziona zile nne za pembeni. Nikachomeka adapta, nikawasha. Harufu ya kuungua ilikuja mapema kuliko moshi. Nilikuwa nimeisogeza adapta hatua mbili, mdomo wake umekalia zile nne.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea tu. Jibu langu hubadilika kulingana na nilivyoamka. Mwanga wa dirisha ulinipiga machoni, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeonyeshwa, na kwamba katika mambo mengine sina kawaida ya kusahau nilichofundishwa.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Aliichomoa diski, akaipuliza, akaifunga kwenye kitenge chake cha akiba.

"Pole," nikasema. "Unaona sasa? Vitu hivi vya zamani..."

"Yaya, nyamaza kidogo."

Alipanda gari kurudi Lubumbashi jioni ileile. Kulikuwa na mwanamke huko, alinieleza baadaye kwa ujumbe mfupi usio na salamu, ambaye hutafuta diski nyingine ya aina ileile kabisa na kuchukua bodi yake ya umeme kuiweka kwenye ile iliyoungua. Kwa diski za sasa hilo halifanyiki kirahisi, maana kila bodi ina siri zake. Kwa za zamani kama ile, mara nyingi hufanyika. Nilikuwa nalijua hilo pia, nilikuwa nimelisoma. Nilijikuta nikiomba, mimi mwanamke wa komunyo kila Jumapili, kwamba ile ya pili isipatikane.

Siku kumi na moja zilipita. Alhamisi, kama saa kumi, nilikuwa nasahihisha mitihani mezani, simu ikalia. Yeye.

"Imefunguka," alisema.

"Ah! Mungu asifiwe." Nilisema hivyo, kwa sauti ya furaha kabisa. "Sauti inasikika?"

"Inasikika. Tumesikia yote, mi na bwana yangu. Saa tatu."

"Alisema nini juu yako?"

Nyuma yake nilisikia mlango ukifungwa, na hatua za mtu anayetoka nje polepole.

"Unajua vile alisema, Yaya. Ulikuwa pale."

"Ni zamani, mdogo wangu, mimi sikum..."

"Anasema ile maneno yake, kisha anakuuliza, 'Utamuambia?' Na weye unajibu, 'Nitamuambia kesho, Mama.' Sauti yako iko claire, safi kupita ya Mama. Micro ilikuwa karibu na weye."

Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nimeweka akiba ya maelezo, ya vizazi vya diski, ya pini na ndimi, na sasa sikupata hata moja la kuingia hapo.

"Bwana yangu ametoka inje, analia," alisema. "Miaka yote alikuwa anawaza Mama alikufa akimuchukia."

Kisha simu ikakatika. Mtandao wa Likasi nimeusingizia mengi, lakini siku hiyo ulikuwa mzima. Alikata yeye.