Mizinga yangu iliibwa, wazee wakasema mwanamke hana mizinga. Nikaenda korti

Hamjambo wakuu wote, wa Nairobi na wa kwingine.

Mimi ni shosho, nyanya mzee wa Kinoo, hapa kando ya Nairobi. Nilisoma mpaka darasa la tatu, hapo mwalimu na mimi tukachokana. Mkiona nimekosea maandishi, rukeni mbele. Lakini haya naandika yalinipata kwa ngozi yangu mwenyewe, na hiyo ngozi iliumwa vizuri, kwa hivyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Juzi nimesoma hapa uzi wa kijana analia mizinga yake sita imechomwa. Watu wanamjibu ati pole bro, nyuki haina sheria, move on.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Haina sheria? Nani amewaambia?

Basi sikizeni.

Ni katikati ya miaka ya sabini. Kinoo ilikuwa mashamba, miti ya miwati, na mto wa maana huko chini, sio huu mfereji wa sabuni mnaona leo. Mimi nilikuwa mama wa watoto wanne, na nilikuwa na mizinga kumi na moja.

Yangu. Hiyo neno ndiyo ilileta maneno.

Kwetu mizinga ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke alikuwa anangojea asali chini, na kibuyu. Lakini baba yangu hakujaliwa mvulana, na mti haukuwa unajipanda wenyewe, kwa hivyo akanifunza mimi. Kuchimba gogo la muringa, kuwasha moshi ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, kutoa asali bila kuua watoto wa nyuki. Nilipoolewa akanipa mizinga minne. Hiyo ingine saba nilitengeneza na hii mikono.

Nilikuwa navaa suruali ya mume wangu na kupanda mti. Siku hizo, mke wa mtu ndani ya suruali juu ya mti ilikuwa habari kubwa kuliko ya redio.

Na mume wangu, Baba Wambui? Alikuwa mpishi kwa nyumba ya mzungu huko Kilimani. Mtu mkubwa, mabega kama mlango. Lakini nyuki mmoja akiingia nyumbani, yeye anatoka. Nampenda mpaka leo, na aliko najua anacheka.

Sasa asubuhi moja nashuka mtoni, nasikia harufu ya nta imeungua.

Mizinga mitatu iko chini imekuwa makaa. Nyuki wamekufa marundo marundo, kama mtu amemwaga kahawa. Mizinga mingine miwili haiko kabisa, kamba tu zinaning'inia.

Nililia. Kisha nikafanya kosa kubwa, nitawaambia mbele.

Nikapeleka maneno kwa wazee. Wakati huo jambo la mzinga lilikuwa zito sana kwao, mwizi wa mzinga alikuwa anaogopwa kama mchawi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Githinji, mtu wa kofia na fimbo, anaongea polepole ndio umsikie vizuri.

"Ni nani ameibiwa?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Mama Wambui, mwanamke hana mizinga. Mizinga ni ya bwana yako. Wewe unaiangalia tu."

"Basi muulizeni alama yake kwa hiyo mizinga ni gani."

Wote wakageukia Baba Wambui. Akasimama, akavua kofia.

"Wazee, mimi sijui hata mzinga unafunguliwa upande gani. Nikisema ni yangu, hao nyuki watakuja hapa kunikana mbele yenu."

Watu walicheka mpaka mmoja akaanza kukohoa. Mzee Githinji hakucheka. Akatuambia hivi: nikubali mizinga ni ya mume, ndio wazee wasikize hiyo kesi, na mwizi akipatikana atatoa kondoo.

Tamu, sivyo? Ngojeni.

Nikishasema mbele ya wazee ni ya mume, inakuwa ya nyumba ya mume, na ndugu zake wana haki ndani. Shemeji yangu mmoja alikuwa hapo nyuma, na naapa macho yake yalikuwa yameshaanza kuchagua miti. Nikikataa, hakuna kesi, na mwizi atarudi kumaliza sita zimebaki.

Nikawaambia wazee nitafikiria. Baba Wambui njiani akaniuliza, "Sasa?" Nikamwambia anyamaze, nafikiria kweli.

Jumamosi nikapanda basi na madebe yangu mpaka mjini. Nilikuwa nauzia asali mzee mmoja wa pwani, Mzee Salim, duka lake karibu na msikiti, limejaa udi na viungo na dawa za kifua. Alikuwa hanunui asali kwa mtu mwingine, ni kwangu tu. Kabla sijaweka debe chini ameshaanza.

"Binti yangu, una nini wewe wiki hii? Asali gani ile umeniletea? Moshi mtupu, na watoto wa nyuki wanaelea ndani. Nimemrudishia mjumbe wako."

"Mjumbe gani?"

"Si yule bwana mrefu, pengo hapa mbele. Kasema katumwa na Nyambura wa Kinoo."

Haiya! Kamande!

Kamande alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Alijua Mzee Salim ananunua yangu peke yake, kwa hivyo ameiba asali, na jina langu, Nyambura, pia akaiba. Lakini asali haidanganyi. Mtu wa kuchoma nyuki anakuletea supu, halafu anakuambia ni asali.

Nikamweleza Mzee Salim yote, na yale ya wazee. Akaendelea kufunga karafuu kwa karatasi.

"Wazee wenu nawaheshimu," akasema. "Lakini hata serikali ina kitabu chake. Nenda polisi, na ukiulizwa mwenye mali, taja jina lako, usitaje la mume. Mimi nikiitwa nitakuja kusema niliyoyaona."

Jumatatu Baba Wambui akaomba ruhusa kazini, akanibeba na baiskeli mpaka stesheni ya polisi.

Sajini hapo mezani akacheka. "Mama, nyuki ni wa Mungu. Nitashika mtu kwa nyuki namna gani?"

Nikamwambia, "Sikuja kwa sababu ya nyuki. Nimeibiwa mzinga. Gogo nimechimba wiki mbili. Nyuki walikuwa ndani kama vile ng'ombe iko ndani ya boma. Mtu akiiba ng'ombe utaniambia nyasi ni ya Mungu?"

Akachukua kalamu. "Mwenye mali?" Akawa anaangalia mume wangu.

Baba Wambui akasema, "Andika huyu. Mimi ni dereva wa baiskeli tu."

Wakuu, jina langu likaingia OB, kile kitabu kikubwa cha polisi. Nililiona likiandikwa. Nyambura. Sijui kama mnaelewa hiyo kitu.

Sajini na askari wawili wakaenda na mimi kwa Kamande. Mizinga miwili iko juu ya mti wake, imetulia kama imezaliwa hapo. Alama ya chuma moto niliyokuwa nimepiga nje imechongwa na panga, mti mweupe kabisa.

"Hii ni yangu," Kamande akasema bila haya. "Nimetengeneza mwaka jana."

Sajini akaamua mmoja upelekwe stesheni kama exhibit, kitu cha ushahidi. Nikamwambia afande, ngoja jua lishuke, nyuki warudi ndani, tuzibe mlango vizuri. Akaniambia serikali haingojei nyuki.

Sawa.

Wakaufunga na blanketi mchana wa jua kali, wakautupa nyuma ya Land Rover kwa barabara ya mashimo. Kufika stesheni wakauweka stoo ya exhibit na kufunga mlango.

Kesho yake hakuna mtu angeingia hiyo stoo. Bangi ya watu iko huko, baiskeli za wizi ziko huko, kesi zinangoja, na nyuki wamekalia kila kitu. Sajini jicho moja limefunga. Wakaleta Kamande kutoka seli atoe mzinga wake, si amesema ni wake?

"Leo nina homa," akasema.

Nikaitwa mimi. Nikaingia na moshi yangu, nikaziba mlango wa mzinga na majani, nikautoa taratibu kwa kivuli. Polisi wote wamesimama mbali upande ule wa barabara, na bunduki zao.

Siku ya kesi hakimu alikuwa kijana, amevaa miwani, hana mzaha. Kamande alikuwa amejipanga. Akasema, "Mheshimiwa, nyuki ni mnyama wa porini. Wa porini hana mwenyewe. Hawa walihamia kwangu kwa hiari yao."

Ilikuwa na akili hiyo maneno.

Hakimu akaandika, halafu akasema jambo sijawahi kusahau. Nyuki akiwa anaruka porini ni kweli hana mwenyewe. Lakini akishaingia na kukaa ndani ya mzinga wa mtu, huyo mtu ndiye mwenyewe, na mzinga wenyewe ni mali kama kiti ama jembe. Kwa hivyo swali ni moja, mzinga ni wa nani?

Hakuuliza ni wa mwanaume ama wa mwanamke. Hakuuliza kabisa! Nilingoja aulize, nilikuwa nimebeba majibu matatu.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, nje wamechonga alama yangu. Lakini ndani hawajafika."

Baba yangu alikuwa anapiga alama mara mbili. Moja nje. Ingine ndani ya kifuniko, kabla nyuki hawajaingia. Nyuki wakikaa wanaipaka ile gundi yao nyeusi, inapotea kabisa. Mwizi hajui iko.

Hakimu akanipa karatasi nichore kwanza, kabla ya kufungua. Nikachora mistari miwili na duara. Akamuuliza Kamande, "Na wewe, ndani ya kifuniko kuna nini?"

Kamande akafikiria sana. "Asali."

Korti ikaanguka kicheko. Hata karani alificha uso kwa faili.

Korti ikahamia uwanjani, ule mzinga wa stesheni ulikuwa umeletwa hapo. Nikapuliza moshi, nikatoa kifuniko, nikakipasha kwa moto kidogo, nikakwangua ile gundi na kisu. Watu wametoa shingo kama kuku. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili. Duara.

Hakimu akaweka karatasi yangu kando ya kifuniko, akaangalia, akarudi ndani.

Mzee Salim naye alikuwa amekuja na kanzu safi kutoka mjini, akasema yake kwa Kiswahili cha kunyooka mpaka mkalimani akakaa bila kazi.

Kamande akafungwa miezi kadhaa kwa wizi. Mizinga yangu miwili ikarudi, na imeandikwa kwa karatasi ya korti, mali ya Nyambura.

Sasa lile kosa langu. Kesi ya kuchoma ile mitatu ilianguka. Hakimu aliuliza mabaki ya moto yako wapi, na mimi siku ile ile kwa uchungu nilikuwa nimefagia kila kitu, majivu nikamwaga kwa shamba la sukuma wiki. Sukuma ilimea vizuri sana. Ushahidi ukaliwa na ugali.

Kijijini wengine walinuna miezi mingi ati nimepita wazee. Shemeji yangu hakuniongelesha mpaka Krismasi. Ilikuwa mapumziko mazuri.

Halafu siku moja Mzee Githinji anasimama kwa mlango wangu na fimbo yake. Mtoto wake anataka kuoa, na wakwe wameomba asali safi ya ruracio, ile mahari yetu, si ya kuchomwa.

"Mama Wambui, bwana yako yuko?"

"Yuko, mzee. Unataka nini?"

"Nimekuja kwa mambo ya asali."

"Basi muulize."

Kabla hajaita, Baba Wambui akapiga kelele kutoka ndani, "Mzee, mimi hapo sijui kitu! Ongea na mwenyewe!"

Mzee akaangalia viatu vyake. Akaangalia miti huko chini. Mimi sikumsaidia, nilikuwa nachambua mchele.

Mwisho akatoa kofia.

"Nyambura," akasema, "nimekuja kuomba asali yako."

Nikamjazia kibuyu mpaka shingoni.

Wakuu, hivyo ndivyo nilijifunza. Sheria iko, lakini haitakutafuta kwa shamba, ni wewe utaifuata. Mzinga wako piga alama nje na ndani. Siku hizi mna simu, piga picha. Ukichomewa usifagie, usiguse, hata ukiwa na uchungu namna gani, ita polisi wakute moshi. Chukua namba ya OB. Na mtu akikuambia useme mali yako ni ya mwingine ndio usaidiwe, huyo hakusaidii.

Kijana wa mizinga sita, uko hapa? Umeshaenda polisi, ama bado unasoma hizo pole? Na nyinyi wengine mnaofuga huko kwenu, mwizi wa mzinga siku hizi anafanywa nini? Andikeni hapa chini, mimi nasoma zote, polepole lakini nasoma.