Wamama wa harusi walivyozipalilia nyasi zangu bustanini

Habari za mapumziko wakuu. Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Sumbawanga, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mtu wa Mbeya, natunza bustani ya wazi huku Katandala. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Bosi alisema Jumatatu anakuja kukagua nyasi nilizopanda. Zisiposhika, kibarua basi.

Jumamosi maharusi huwa wanakuja kupiga picha. Siku hiyo walitangulia wamama sita wakulima kutoka Pito, sare ya kitenge. Bibi harusi bado yuko saluni, na saluni mnazijua wenyewe, nusu saa ni masaa mawili.

Nikawaamkia, nikaenda kuchota maji.

Kurudi, nakuta upande mzima wa nyasi umeng'olewa, umerundikwa mizizi juu. Nikatua ndoo, nikawafuata.

Mmoja wao, shangazi wa bibi harusi, akaniambia kwa upole, "Tumekupalilia, baba. Tungekaaje bure na shamba lako limeingia majani hivi?"

"Mama, hayo nimeyapanda."

"Umepanda majani?"

Wakanitazama kwa huruma, wakajua nimerogwa. Nikawaeleza habari ya bosi na Jumatatu. Sifichi, machozi yalikuwa karibu.

Shangazi akavua viatu. "Haya jamani, tumrudishie kabla jua halijakaza."

Vitenge vikafungwa kiunoni, wakainama, wanapanda huku wanaimba Kifipa, mimi namwagilia. Bibi harusi kufika na shela lake, alicheka mpaka akakataa kupigwa picha kwingine. Akasimama katikati yao, wao na tope lao mikononi. Nilifurahi siku ile kuliko bwana harusi.

Jioni mvua ikanyesha.

Jumatatu bosi akakuta nyasi zimesimama. Aliuliza kitu kimoja tu, mbona upande huu uko kwa mistari kama mahindi? Nikamwambia ukweli wote. Akacheka, mkataba nikapewa.

Nilichojifunza: nilikuwa naona kila mgeni wa bustani ni mharibifu. Kumbe mwingine anataka tu kusaidia, hujamwonyesha pa kushika. Siku hizi harusi ikichelewa, nawaonyesha wamama magugu yenyewe.

Juzi shangazi kapita akitoka sokoni, akakuta jamaa kanyoosha miguu juu ya nyasi anapiga selfi.

"Toka hapo baba. Hayo majani tumeyapanda."

Wakuu, huko kwenu bustani zinatumikaje? Tiririkeni, nipo nasoma.