Sikio Lililokunjika

Mtaani walimwita Mvisha Marehemu, naye jina hilo lilimchekesha. Kazi yake ilikuwa studio ya picha: chumba kimoja, kompyuta, mashine ya kuchapia na pazia la buluu. Mtu akifariki, jamaa walimletea kitambulisho kilichochakaa, naye akaikuza picha yake, akafuta mikwaruzo, akamvika marehemu koti na tai, ili picha ipate kutangulia mbele ya jeneza.

"Mzee wangu huyu hakuwahi kuvaa tai hata siku moja," mjane mmoja alimwambia.

"Sasa kapata kazi ya ofisini, mama."

Mjane akacheka huku anajifuta machozi.

Aliyepigwa picha amefumba macho, alimfumbua. Macho yenyewe aliyachukua kwa ndugu, kaka au binti, yeyote aliyefanana naye. Hakuna aliyewahi kugundua.

Kisha yeye mwenyewe akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, sikio moja limekunjika kwa juu kama kona ya daftari. Picha hakumpiga. Wifi yake alipotoa simu, alimzuia kwa mkono.

"Usinipigie mwanangu picha ya ukungu. Ngoja shingo ikaze, nitampiga mwenyewe."

"Makubwa! Kwani anakwenda wapi?" wifi akauliza.

Wiki ya saba, homa ya siku mbili ikamchukua. Shingo ilikuwa imeanza kukaza.

Jeneza lake dogo halikutanguliwa na kitu. Wanawake wakamshika mama mtu mabega: "Nyamaza, mwenzetu. Huyo ni malaika, utamkuta mlango wa peponi anakungoja." Aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Lakini miezi ikapita, na uso ukaanza kumponyoka. Uzito wa mtoto kifuani aliukumbuka, na harufu ya maziwa shingoni. Pua haikuja. Akifumba macho aliona watoto wa wateja.

"Huko kwenyewe nitamjuaje?" alimwuliza mumewe.

"Atakujua yeye."

"Wa wiki saba? Atamjua nani? Malaika wako wengi, baba. Nitaokota wa mwenzangu."

Mke akaenda studio. Basi akafungua kompyuta akafanya alilokuwa analijua. Paji la uso akalitoa kwa mumewe, mdomo kwake mwenyewe. Mashavu aliyachukua kwa mtoto wa jirani. Macho aliyatoa kwenye picha ambayo mteja hakurudi kuichukua, ya mtoto asiyemjua hata jina. Alishinda juu yake siku tatu, akachapa, akatia fremu.

Mama mkwe alipoiona alipiga yowe.

"Ndiye! Jamani, ndiye mjukuu wangu!" Akakibusu kioo hadi kikaingia ukungu. "Mwanangu, Mungu akubariki mikono."

Mume akaitundika juu ya kitanda. Kila aliyeingia kuwapa pole aliitazama akalia, na mama mtu akalia pamoja nao, kwa mtoto yule yule wa kuungaunga. Ilimchukua mwezi mzima kuona kosa. Masikio yote mawili yalikuwa yamenyooka. Mkono uliozoea kusawazisha ulikuwa umesawazisha.

Akakimbilia studio. Akalikunja la kushoto, akatazama. Akalirudisha, akalikunja la kulia. Akalikunja tena la kushoto. Moyo haukustuka kwa lolote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, bibi yake alikuwa akisema, na hapa alikuwa amemwazimia mwanawe uso mzima.

Jioni akamwendea mumewe, anaongea taratibu ili sauti isikatike.

"Baba, lile sikio lake lililokunjika. Lilikuwa la kushoto au la kulia?"

Mume alifikiri sana, masikini, alitaka kweli kumsaidia. Kisha akanyanyua kichwa akaitazama picha ukutani.

"Mbona yalikuwa mazima, mke wangu," alisema kwa upole. "Si hayo hapo? Tazama mwenyewe."