Swali Linalobisha Hodi

Mama yangu anaishi mwisho wa mfongo. Kwa asiyekulia kwetu, mfongo ni mfereji waliouchimba mababu kutoka mtoni huko juu, unashuka ukikatiza vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji. Wa juu hupata maji, wa katikati hupata maji na matope, na wa mwisho hupata habari za maji. Mwaka ule wa ukame migomba ya mama ilianza kukunja majani. Kila zamu yake ilipofika, mtu wa juu alikuwa ameshaimeza, akiapa kwamba ni ya kwake. Zamu zilikaa vichwani mwa watu, na kila kichwa kilikumbuka kinachomfaa mwenyewe.

Mimi naandika programu za kompyuta, kwenye ofisi ndogo ya Njoro, huko mjini, ninayochangia na mwenzangu mmoja, mtu mpole kiasi cha kuniudhi. Nikaandika programu ya zamu. Nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alimwagilia lini, na mwenyekiti wa mfongo akanipa utaratibu wa zamu waliokubaliana. Mzee huyo aliwahi kunichapa utotoni kwa kuchezea maji ya watu, kwa hiyo tunaheshimiana.

"Mwanangu, ilete mkutanoni," aliniambia. "Tutaiuliza tunavyotaka sisi, si unavyotaka wewe. Ikijibu, tutaifuata. Ikipata kigugumizi, tunarudi kwenye vichwa vyetu."

Kurudi kwenye vichwa vyao maana yake ilikuwa migomba ya mama kufa. Nilishuka mjini nikiwa na jambo hilo tu akilini.

Tatizo lilikuwa ukumbi. Ukumbi wa usharika, ambako tungekutana, uko bondeni na mtandao haufiki kule, wakati programu yangu ilikuwa ikiuliza kila kitu kwenye kanzidata iliyokaa kwenye seva ya mbali. Maswali yote nilikuwa nimeyaandika kwa mtindo wa kusubiri: programu inatuma swali, inaendelea na shughuli nyingine, na jibu likirudi inalipokea. Nikawaza kwamba dawa ni rahisi. Nitapakia zamu zote kwenye kumbukumbu ya laptopu, ziwe orodha moja, halafu niiulize orodha maswali yale yale.

Swali la kwanza tu, programu ikaanguka. Ujumbe mwekundu ulisema, kwa ufupi, kwamba orodha hii haijui kusubiriwa. Na ni kweli. Orodha iliyomo kwenye kumbukumbu haina sababu ya kumsubirisha mtu, kila kitu kiko pale pale. Lakini swali langu lilikuja na taratibu zake zote za kusubiri, likakosa wa kulipokea, likagoma.

Mwenzangu alichungulia kioo cha laptopu yangu. "Si ufute huko kusubiri, dada? Andika maswali mengine ya siku ya mkutano tu. Wazee hawasomi msimbo wa programu."

"Ndiyo maana siwezi kuwadanganya," nilimjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilimaanisha. Kama ningeonyesha maswali mengine ukumbini, halafu yakaja kufanya kazi mengine, ningekuwa nimewaonyesha kitu ambacho hawatakitumia. Na siku ambayo kile halisi kingekosea, lawama ingemwangukia mama. Mwenzangu akaniacha na hasira zangu, akaenda kununua chai.

Siku moja kabla ya mkutano nilipanda nyumbani nikiwa bado sijapata jibu. Mama akanituma kwa jirani nikachukue panga letu aliloazima. Nilimkuta jirani kibarazani, na panga liko miguuni pake, naliona kabisa. Lakini kwetu huingii ukainama ukaokota. Nilibisha hodi. Nikakaribishwa, nikasema shikamoo, nikapewa kigoda na bakuli la mtori, nikaulizwa habari za mjini na za ng'ombe wa mama. Ndipo nikasema kilichonileta, naye akainama akanipa panga lililokuwa pale muda wote.

Nilirudi njiani nikicheka peke yangu, panga mkononi, na nadhani walioniona waliniogopa. Swali langu halikuwa na kosa lolote. Lilibisha hodi kwa adabu, na kitu lilichokitaka kilikuwepo, ila nyumba haikuwa na mwenyeji. Sikuhitaji kulifundisha swali utovu wa adabu, nilihitaji kuipa orodha mwenyeji: gamba jembamba la msimbo juu yake, linaloitikia hodi, linalomwambia mgeni asubiri, na papo hapo linamkabidhi jibu ambalo tayari lipo.

Niliandika kwenye meza ya jikoni mchana ule. Ikaanguka tena. Maswali yangu yalikwenda kwa hatua: chukua nyumba za chini, zipange kwa waliokosa maji muda mrefu, toa ya kwanza. Mwenyeji wangu aliipokea hatua ya kwanza vizuri, halafu akaikabidhi ya pili kwa orodha ya kawaida isiyo na mwenyeji. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni getini nikamwacha uani na mbuzi. Nikarekebisha ili kila hatua itoe mwenyeji mwingine kama yule wa kwanza, mpaka mwisho wa swali, nikabonyeza.

Maswali yote yalijibu, na sikuwa nimebadilisha hata moja. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakatoka jikoni.

"Umepata mchumba?" mama akauliza kutoka nje.

"Zaidi ya hapo, mama."

Mkutanoni waliiuliza kila walichotaka. Nani anafuata Jumatatu? Nyumba zipi za katikati zimepata mara nyingi? Ilijibu bila kusita, na watu wakaanza kusogeza viti mbele. Kisha mwenyekiti akauliza nani amekaa muda mrefu kuliko wote bila maji. Jina la mama likatokea.

"Binti amemtanguliza mama yake," alisema baba mmoja wa juu kabisa. Mama aliinamisha kichwa. Hilo liliniuma kuliko tuhuma yenyewe.

Nilimsogezea laptopu. "Uliza wewe, baba. Uliza kitu ambacho jibu lake unalijua."

Alifikiri. "Mimi nilimwagilia lini mara ya mwisho?"

Programu ikajibu kwamba Jumanne.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuambia mwenyewe."

"Na Jumanne," mwenyekiti akadakia taratibu, "ilikuwa zamu ya nani?"

Niliandika swali mbele ya macho yao. Jina la mama likatokea tena. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele, na baba yule mwenyewe akaishia kucheka, akijifuta uso kwa kofia. Mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Kesho asubuhi maji ni ya mwisho wa mfongo," na hakuna aliyebisha. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kufunga laptopu.

Asubuhi tulisimama na mama kwenye mlango wa mfereji wetu, chini ya migomba iliyokunja majani. Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona, yakisukuma majani makavu mbele yake. Mama aliondoa udongo na mawe kwa jembe, akasogea pembeni kuyapisha.

"Karibuni," akayaambia, kwa sauti ile ile anayowapokelea wageni.

Akayatazama yakiingia shambani, akajipangusa macho kwa upindo wa kitenge, kisha akanigeukia.

"Na wewe unasimama nini? Shika jembe."