Mngurumo Nilioukumbuka Peke Yangu

Sijatulia tangu Jumamosi. Wapenzi wa magari ya kale walikuja Ujiji kuliona gari la kifahari la kabla ya Vita vya Pili, lililozeekea uani kwa Bibi Zuhura. Mimi fundi makenika nikajitia mjuzi. Nikawaambia nililipanda utotoni mpaka Mwandiga, nikaiga hata mngurumo wake, mate yakiruka. Wakanirekodi kwa simu, nami nikazidisha: “Injini yake, jamani, hamtaipata tena!”

Bibi akaacha kuchambua dagaa. “Mwanangu, hili lilishushwa kwenye treni likiwa halina injini.”

Nikambishia mtu mzima! Nikainua boneti kwa kishindo, simu zote zikinifuata. Kuku akanitumbulia macho.

“Taratibu,” Bibi akasema, “analalia mayai.”